Mnapanda Nini Huko Juu?

Mbarara, 5 Mei 2024

Mama mpendwa,

Nakusalimu sana katika jina la Bwana. Mimi ni mzima, kazi ya maziwa inaendelea, na mikono yangu inanuka mtindi hata siku ya ibada. Simu nimeacha kukupigia kwa sababu kila nikipiga unasema "allô, allô" mpaka mtandao unakatika, halafu unanilaumu kwamba niliongea haraka. Unasema barua inasomwa tena maharage yakiwa jikoni. Basi hii hapa. Ataileta Emery akirudi huko kambini Nakivale na gari lake la samaki.

Nina habari, na nimeibeba wiki nzima kama mtu mwenye pipi mdomoni. Kuna mteja wetu anaitwa Sonia, mwalimu wa michezo katika shule moja hapa mjini. Kila Jumamosi jioni alikuwa anakuja kununua mtindi akiwa na tope mpaka magotini, na uso unang'aa kama wa bibi harusi. Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza anatoka wapi. Akaniambia, "Natoka kupanda. Kuja na wewe uone."

Nikaenda, Mama. Sijui nikuelezeje. Sasa niko katika kikundi chake, na kila Jumamosi tunapanda milimani, pande za Masha na mara nyingine mbali zaidi. Mwezi wa saba tutakwenda kupanda Rwenzori, ile milima mikubwa ya Kasese. Watu wanatoka mpaka Ulaya kuja kupanda pale, na Sonia anasema nina mkono, au tuseme mguu, wa kazi hiyo.

Shida ni vifaa. Kule juu ni tope, mvua na baridi ya kuuma mifupa. Nimeanza kutafuta viatu na nguo polepole. Niombee.

Mtoto wako,
Vanessa

*

Nakivale, 19 Mei 2024

Vanessa mtoto wangu,

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Nilimsomea na Godeberthe, yule jirani yangu Mrundi, naye akapiga vigelegele mpaka watu wa nyumba ya tatu wakaja kuuliza nani ameoa.

Nilikuwa na hofu, sasa nikuambie. Ulipokwenda Mbarara nilisema mji utamla huyu, atasahau hata jembe linashikwa upande gani. Kumbe umekwenda mjini na bado unatafuta udongo! Mungu ni mwema. Hapo nilijua kwamba nilizaa mtu.

Lakini barua yako ina upungufu. Hujaniambia mnapanda nini. Maharage? Viazi? Mihogo huko kwenye baridi haitakubali, usipoteze nguvu zako. Tena huyo Sonia, pamoja na ualimu wake, nani alimwambia watu wanapanda mwezi wa saba? Huku mwezi wa saba jua linakausha mpaka mate. Labda huko juu mvua haikatiki, sijui. Na hao Wazungu wanaotoka kwao kuja kupanda, kwao hawana mashamba? Godeberthe anasema hao ni watu wa miradi. Muwe macho wasije wakachukua mavuno.

Nisikilize vizuri. Fasi ya mteremko, mahali palipoinama, hailimwi kutoka juu kwenda chini. Mistari yako ikate mlima kwa ubavu, la sivyo mvua moja tu itateremsha kila kitu kwenye shamba la jirani. Sisi tulikulia milimani, haya tunayajua.

Kwa habari ya viatu, usihangaike. Emery anakuletea buti zangu za mpira. Miguu yetu ni sawa, na mimi niko na zingine. Nimekutumia pia jembe, mpini utatafuta huko. Ndani ya buti la kushoto kuna soksi, na ndani ya soksi kuna maharage. Ni ile mbegu ya kwetu niliyokuja nayo. Sijawahi kumpa mtu mwingine.

Panda vizuri, mwanangu. Nakuonea fahari mingi.

Mama yako,
Léoncie

*

Mbarara, 2 Juni 2024

Mama yangu,

Nimecheka mpaka bosi wangu akaja kuangalia kama nimemwaga maziwa. Kisha nililia kidogo, kwa sababu ya soksi ile. Unisamehe, kosa ni langu na la lugha yetu. Hatupandi kitu, Mama! Tunapanda mlima wenyewe. Tunaukwea kwa miguu mpaka kileleni, tunasimama pale, tunatazama, halafu tunashuka.

Nakusikia kabisa ukiuliza, "Halafu?" Halafu basi. Hakuna mavuno.

Ngoja nikuambie uzuri wake. Sonia anapanda kama mtu anayeongea na mlima. Hana haraka, hahemi, anaweka mguu mahali ambapo jiwe halitamkataa. Mimi mara ya kwanza nilikimbia mbele kama mbuzi aliyefunguliwa, na katikati nikakaa chini nikitaka kutapika. Hakunicheka. Alinisubiri, akaniambia nitembee kwa mwendo ambao naweza kuimba nao. Tangu siku hiyo napanda nikiimba zile nyimbo zako za kwaya kwa sauti ya chini, na pumzi haiishi.

Kuhusu vifaa, nimejifunza mambo ambayo sikuwahi kuyawaza. Viatu havinunuliwi asubuhi. Vinanunuliwa jioni, mguu ukiwa umevimba kwa kazi ya kutwa, na unavijaribu ukiwa na soksi nene. Unateremka navyo ngazi. Vidole vikigonga mbele, viache, hata kama ni vizuri namna gani, maana mlima unavunja kucha wakati wa kushuka. Shati la pamba ni adui, likilowa linabaki na maji na kukugandisha. Unatafuta sufu, au zile nyuzi nyepesi za jezi za mpira. Juu yake koti la joto, na juu ya yote koti la mvua.

Kwenye soko la mitumba kuna mzee anaitwa Rwakabuba anayeuza viatu. Aliniona nikikunja soli kwa mikono kama Sonia alivyonifundisha, akashtuka. "Nyabo, hii kiatu usiogope. Hii hata maji yenyewe inaiogopa." Nilivikunja, nikavinusa, nikateremka navyo ngazi za soko mara nyingi mpaka watu wakadhani nimechanganyikiwa. Mwisho nilivichukua. Ni vya ngozi ya kahawia, vinashika kifundo vizuri. Usiku wa kwanza nilivilaza juu ya kiti ili nivione.

Kwa hiyo buti zako nitakurudishia kwa Emery, hazitahitajika huku. Na jembe pia. Maharage nitabaki nayo, nimeyapenda.

Nafikiri mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kupanda mlima kwa kupenda. Hata kutoka Kongo, sisi tulipanda lori tu. Nakumbuka ulivyokuwa unanihadithia nikiwa mdogo: "Tulipanda, tulipanda, tukafika." Nilikuwa najiona nimekaa juu ya mizigo, upepo usoni.

Nakupenda,
Vanessa

*

Nakivale, 9 Juni 2024

Vanessa,

Nimepata barua. Mimi ni mzima.

Huo mlima usipande. Mtu anapanda mlima akiwa na sababu. Kama sababu hakuna, akae chini. Viatu ulivyonunua vaa kanisani.

Buti usinirudishie, nimesema niko na zingine.

Mvua imeisha. Mahindi ya kando ya ziwa yameshika vizuri. Godeberthe anakusalimia.

Mama

*

Mbarara, 16 Juni 2024

Mama,

Barua yako ilikuwa fupi kiasi kwamba niligeuza karatasi kutafuta nyingine nyuma. Hukuwahi kuniandikia hivyo. Sikujua nimekosea wapi, na bado sijui.

Acha nikueleze jambo lote, ujue ninaloomba. Sonia anataka mtu wa kumsaidia. Wanafunzi wanaongezeka, tena kuna wageni wanaotaka kupelekwa milimani mwisho wa wiki. Amesema kama nitapanda Rwenzori na kushuka vizuri, kazi ya kuwaongoza wanaoanza ni yangu. Mimi, Mama! Nitaacha kuinua makopo ya maziwa yanayotoka Bwizibwera na nitalipwa kwa kufanya kitu ambacho ningefanya bure. Jina langu linatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi huu. Nikikosa safari hii, kuna msichana mwingine kikundini anayeitaka kazi hiyo, naye ana miguu mizuri.

Lakini sijawahi kufanya jambo kubwa bila baraka yako, na sitaanza na hili. Ukisema hapana, siendi. Nitaumia, sitakuficha, lakini siendi.

Nina habari mbili za kukuchekesha hata kama umekasirika. Ya kwanza ni ya buti zako. Sonia alikuja kukagua vifaa vyangu, nikampangia kila kitu kitandani: viatu vya ngozi mbele kabisa, koti la mvua, taa ya kufunga kichwani. Akavisifu. Kisha akainama, akaona buti zako chini ya kitanda, akapiga kelele. "Banange! Hizi ndizo kiatu za Rwenzori! Nani alikwambia?" Kumbe kule kuna mabwawa ya tope ambayo yanakunywa kiatu cha ngozi na kukitema bila soli. Waongozaji wenyewe wanavaa buti za mpira siku nzima, zile za ngozi zinavaliwa juu kwenye mawe tu. Nilimjibu kwamba mama yangu alinitumia nipandie viazi. Alikaa chini kwa kucheka.

Ya pili ni ya mfuko wa mgongoni, ule tunaouita sakado. Mimi nilikuwa naning'iniza mzigo mabegani na jioni shingo haigeuki. Sonia akanifundisha kuufunga kiunoni kwa mkanda, nikaze mpaka uzito ukae juu ya nyonga, mabega yabaki kuelekeza tu. Nilipokaza ule mkanda nilihisi kitu ninachokijua lakini sikuweza kukikumbuka.

Nijibu, Mama. Hata kwa mistari miwili.

Vanessa wako

*

Nakivale, 20 Juni 2024

Vanessa,

Ni mimi Godeberthe. Mama yako hajui kwamba naandika, na Emery nimemwambia akifungua mdomo samaki wake hatawauza tena kwenye njia yetu.

Wewe kaa huko ukaze mifuko kiunoni, lakini jua haya. Buti alizokutumia zilikuwa ndizo. Nyingine hana. Anaingia shamba la kando ya ziwa na kandambili, na unajua tope la pale lilivyo, tena na ule mguu wake wenye kidole pungufu. Nilimuuliza mbele ya wanawake wote, "Mama Vanessa, buti ziko wapi?" Akanijibu bila kucheka, "Biko mu Mbarara, bilienda kusoma." Tukacheka sisi. Yeye akaendelea kupalilia.

Tangu barua yako ya lori ifike, kwayani haji. Mama Léoncie, ambaye akiwa na homa anaimba, haji! Nilimfuata nyumbani. Nikamwambia, mtoto amepata kitu cha kumfurahisha, wewe unamfungia mlango, kwani ninyi mlikuja Uganda na lori gani lenye uchungu hivyo? "Lori gani?" akasema. Kisha akaenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Mimi ni Mrundi, nina yangu, sichimbi ya watu. Lakini wewe ni mtoto wake. Muulize. Na usimuulize mengi kwa pamoja, atakimbia.

Mama yako mdogo wa mtaani,
Godeberthe

*

Mbarara, 23 Juni 2024

Mama,

Emery anakuletea buti zako. Zivae leo hii, tafadhali, kabla hujaingia shambani. Nimejua kwamba nyingine hazipo, usiulize nimejuaje.

Nina swali moja tu. Lile neno uliloniambia nikiwa mdogo, "tulipanda, tulipanda, tukafika." Tulipanda nini?

Vanessa

*

Nakivale, 26 Juni 2024

Mwanangu,

Aliyekuambia habari ya buti anapika sasa hivi upande wa pili wa ua, na anajifanya haoni kwamba naandika. Nitamalizana naye.

Umeniuliza kwa neno moja, nitajibu. Tulipanda mlima.

Lori lilikuja baadaye sana, ni kweli, na ulikaa juu ya mizigo kama unavyokumbuka. Lakini kabla ya lori kulikuwa na Itombwe. Baba yako tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia, kwa hiyo tulikuwa mimi na wewe. Asubuhi watu walisema wanaokuja na bunduki wako bonde la chini, na barabara iko chini, basi njia iliyobaki ilikuwa juu. Sikuchagua kifaa hata kimoja. Nilikuwa na kandambili nilizokuwa nimevaa kwenda kuteka maji. Nilikuwa na kitenge na kipande cha sheeting, lile turubai la plastiki. Mbegu ya maharage niliifunga kwenye pindo la kitenge, hata sijui kwa nini maharage na si kitu kingine.

Ulikuwa mzito, Vanessa. Ulikuwa umeanza kutembea lakini kwa mlima ule hukufaa kitu. Nilikufunga chini, kiunoni, sikukuweka mabegani. Mwanamke yeyote wa kwetu anajua hivyo. Hicho ndicho ulichohisi ulipokaza mkanda wa sakado. Mgongo wako ulikumbuka mgongo wangu.

Mvua ilitukuta kwenye mianzi. Kamba ya kandambili ilikatika, nikaendelea na mguu mtupu, na jiwe likanichana. Kile kidole hakikukatwa na jembe. Nilikuambia jembe kwa sababu jembe ni kitu cha nyumbani, hakitishi mtoto. Kidonda kilioza njiani, na kidole walikitoa baadaye. Ndiyo maana uliposema viatu sikufikiri mara mbili. Nilivua nikakutumia.

Kulikuwa na fasi moja nilikaa chini nikasema imetosha. Watu walikuwa wananipita. Nilitazama juu, mlima ulikuwa haujapungua hata kidogo. Mama mmoja mzee, simjui mpaka leo, alisimama mbele yangu na fimbo yake. "Mama, usiangalie kule juu, utachoka bule. Angalia fasi unaweka muguu." Akaniwekea hata mguu wake mwenyewe mbele ili nione fasi. Nikasimama. Nilipanda nikiangalia visigino vya yule mama, na nilikuwa nakuimbia ili usilale kwenye baridi.

Sasa nitakuambia kitu ambacho sikumwambia mtu, hata padri, hata Godeberthe anayejua kila kitu. Tulipofika juu kabisa mvua ilikatika, na chini kule, mbali, niliona ziwa Tanganyika lote, likiwaka. Nililiona zuri. Miguu inatoka damu, nyumba yangu sijui kama ipo, na mimi nimesimama nikisema moyoni, ni zuri namna gani! Niliona aibu mingi. Nilijiuliza ni mama wa namna gani anayekimbia na bado anafurahia kutazama. Nikalifunga jambo hilo nikalinyamazia, na neno moja tu likatoka: tulipanda.

Uliponiandikia kwamba mnakwenda juu, mnatazama, mnashuka, halafu basi, nilikasirika. Nilisema huyu anacheza na kitu kilichonila. Nimekaa na hasira hiyo, nikaona chini yake kuna kitu kingine. Wewe unapanda na hakuna anayekukimbiza. Unapanda na viatu ulivyochagua mwenyewe, jioni, mguu ukiwa umevimba. Ukichoka unaruhusiwa kukaa. Mwanangu, kama ningeombwa siku ile juu ya Itombwe niseme nataka nini kwa mtoto aliye mgongoni, ningesema hicho hicho.

Nenda. Mpe Sonia jina lako. Baraka yangu unayo kuanzia kichwani mpaka vidole vyote kumi.

Buti nakurudishia. Zinaijua kazi, na Godeberthe amekubali kuniazima zake, ndiyo adhabu yake. Ukifika juu, tazama mpaka ushibe. Usione aibu.

Mama yako

*

Mbarara, 21 Julai 2024

Mama, Mama, Mama,

Tumeshuka jana. Kucha zote zipo, vidole vyote vipo, nimevihesabu mbele ya Sonia. Mgongo unauma, uso umeungua kwa jua la juu na ngozi inabanduka kama ya kitunguu. Sijawahi kuwa na furaha namna hii.

Rwenzori si mlima, ni nchi. Kuna miti iliyovaa ndevu. Kuna mimea mirefu kuliko nyumba ambayo kwa asili, Sonia anasema, ni jamaa ya majani madogo ya kawaida. Na kuna tope, Mama! Ulilolijua wewe kando ya ziwa ni mtoto wa tope. Unaruka kutoka shungi la nyasi hadi jingine, ukikosea unazama mpaka gotini na kusikia linakuvuta. Mwenzetu mmoja alikataa buti za mpira akavaa viatu vyake vya bei. Kimoja bado kiko huko. Mimi nilipita nikiimba, na mwongozaji wetu, Mkonzo wa huko huko, akawa anatazama miguu yangu. "Hizi buti zimefanya kazi," akasema. Nikamjibu kwamba hajui hata robo.

Kilele kirefu kabisa kina barafu na kinataka meno ya chuma ya kufunga kwenye viatu, hicho ni cha mwaka mwingine. Sisi wanafunzi tulikwenda kilele cha mawe. Siku ya mwisho ya kupanda nilikwama. Ukungu ulikuwa umefunika, nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya ngozi, koti liko sawa, mkanda umekaza, kila kifaa mahali pake, na bado miguu ilikataa. Hakuna kifaa cha hapo. Nilitazama juu, mlima haukuwa umepungua. Basi nikainamisha kichwa, nikasema kwa sauti, "Angalia fasi unaweka muguu." Msichana aliyekuwa nyuma yangu, yule mwenye miguu mizuri, alikuwa analia kimya kimya. Nikamwambia na yeye. Nikamwekea mguu wangu mbele aone fasi. Tulikwenda hivyo mpaka hapakuwa na mahali pengine pa kwenda juu.

Ukungu ulifunguka kidogo tu, upande wa magharibi. Msitu mwingi, wa kijani iliyokolea, unakwenda mpaka macho yanachoka. Mwongozaji akanyoosha mkono. "Ile ni Kongo."

Nilitazama mpaka nikashiba, kama ulivyoniambia. Nilitazama na kwa niaba yako. Sikuona aibu, nililia tu, na niliwaza mwanamke mwenye kandambili moja, mtoto kiunoni, anayesimama juu ya dunia na kuona kwamba ni nzuri. Nimepanda na watu wenye vifaa vizuri sana, Mama. Hakuna hata mmoja ninayemstahi kama wewe.

Sonia ameniona nilivyofanya na yule msichana. Tulipofika chini alinipa filimbi yake, ile anayoita nayo wanafunzi. Naanza kazi mwezi ujao.

Emery anakuletea mzigo. Kuna buti mpya za mpira, nilizichagua jioni, nikazijaribu na soksi nene, na la kushoto lina nafasi ya kutosha. Kuna na zile zako za zamani. Sikuziosha, nilitaka uone tope lenyewe. Na katika soksi ni maharage yako. Yalikuwa mfukoni mwangu mpaka kileleni.

Mtoto wako,
Vanessa

*

Nakivale, 11 Agosti 2024

Vanessa wangu,

Barua yako imesomwa mbele ya kwaya nzima. Waliomba nirudie pale pa Kongo, nikarudia.

Wamekuja watu nyumbani kuuliza habari ya Itombwe. Nimewaambia yote, hata ya ziwa. Unajua walisema nini? Mmoja akasema, na mimi niliona mwezi. Mwingine akasema, na mimi niliona maua. Kumbe kila mmoja alikuwa na lake, tulikuwa tumenyamaza wote.

Buti mpya zinanikaa vizuri, hata kidole kisichokuwepo kimefurahi. Zile za zamani, Godeberthe alikuja na ndoo na brashi, anataka kuziosha ili azichukue. Nilimfukuza. Niliketi uani na kisu, nikakwangua lile tope lako kutoka kwenye soli zote mbili na pembeni fasi lilipogandia. Jeusi hilo! Zito! Udongo wa namna hiyo sijaushika tangu kwetu. Nikaliweka katika kopo la siagi, nikatoboa chini ili maji yapite, nikachukua maharage matatu katika yale uliyopanda nayo. Mwezi huu si wa kupanda, mtu yeyote mwenye akili angeniambia. Niliyafukia hivyo hivyo, nikamwagilia.

Leo asubuhi moja limetoka, limeinama bado, na ganda lake kichwani.

Mwambie Sonia, na yule Mkonzo, na hao Wazungu wanaotoka mbali. Waambie mama yako naye amepanda Rwenzori.

Léoncie